Ziwa likichafuka Kalemela, ndoano ibebe chambo gani?

Upepo mkali ukivuma Ghuba ya Speke, maji ya ufukweni Kalemela hugeuka rangi ya udongo, na wengi hukunja kamba zao wakarudi nyumbani. Si lazima. Sangara anahitaji oksijeni nyingi, na mawimbi huiingiza majini. Tatizo ni kwamba haoni mbali. Hapo hutegemea zaidi mtikisiko wa maji, anaouhisi kwa mstari wa ubavuni, kwa hiyo chambo cha kumetameta tu hakisaidii sana. Sisi tungechagua furu hai, atungwe mgongoni juu ya uti ili aendelee kuchezacheza. Chambo cha bandia kiwe kikubwa, chenye kutikisika, na kivutwe polepole. Ukikimbiza, samaki hukipoteza.

Uzito nao una kazi yake. Risasi ya mviringo hubingirishwa na wimbi, ile bapa hutulia chini.

Sangara wa chini ya sentimita 50 mrudishe, sheria hairuhusu. Mtumbwi je? Uache nchi kavu, hata ukisikia wenzako wamepata. Haya tuliyoeleza ni ya anayevua akiwa amesimama mchangani.