Safari za mwisho wa mwaka Uchagani

Safari za mwisho wa mwaka Uchagani ni desturi ya Wachagga wanaoishi mbali na vijiji vyao vya asili kurudi kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, kaskazini mwa Tanzania, wakati wa Krismasi na Mwaka Mpya. Wengi hutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Nairobi. Wengine hupanda tu kutoka kata za Moshi mjini, kama vile Pasua na Njoro, wakaenda asubuhi na kurudi jioni. Kilele chake ni kati ya tarehe 24 Desemba na 1 Januari.

Asili ya desturi

Kiini cha safari hizi ni kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, migomba, kahawa na makaburi ya wazee. Kwa mila, kitinda mimba wa kiume hurithi nyumba ya wazazi, na watoto wengine wa kiume hutafutiwa ardhi kwingine. Vihamba viligawanywa kizazi baada ya kizazi hata vikawa vidogo mno. Wakati huohuo fedha za kahawa, iliyouzwa kupitia ushirika wa KNCU uliosajiliwa mwaka 1933, zilisomesha vijana wengi, ambao baadaye walipata kazi na biashara mijini. Hivyo familia moja ikawa na watu wa miji mingi, lakini kihamba kikabaki kimoja.

Shughuli za sikukuu

Pamoja na ibada za Krismasi, familia nyingi hupanga ubatizo, kipaimara na harusi katika siku hizi kwa sababu ndugu wote wapo. Mbuzi au ng'ombe huchinjwa, na nyama hugawanywa kufuata nafasi ya kila mtu katika ukoo. Vyakula vya kawaida ni mtori, kiburu na machalari. Makaburi husafishwa.

Jambo zito zaidi ni kikao cha ukoo. Hapo huzungumzwa mipaka ya kihamba, mirathi, ada za watoto yatima na nani atawatunza wazazi waliozeeka. Waliogombana hupatanishwa, na anayeomba msamaha huweza kutumia jani la sale, ambalo kwa Wachagga ni ishara ya amani. Asiyekuwepo kikaoni huweza kukuta uamuzi umeshapita, naye hana budi kungoja mwaka mwingine ili asikilizwe.

Kupanga safari

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ni kuuliza nyumbani siku ya kikao na ya sherehe, ndipo tiketi ikatwe. Wengi hufanya kinyume: hupata basi kwanza, kisha hufika kikao kimekwisha.

Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni takriban kilomita 560 kwa barabara inayopitia Chalinze, Korogwe na Same. Abiria huwa wengi mno katika wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, kwa hiyo inafaa kukata tiketi mapema. Nauli za juu kabisa hupangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), na abiria anayetozwa zaidi ana haki ya kulalamika akiwa na tiketi yake. Treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi ilirejea Desemba 2019 baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 20. Ni ya polepole kuliko basi, na haisafiri kila siku.

Si lazima kila msafiri afike Moshi mjini. Anayekwenda Marangu, Mwika au Rombo hushuka Himo. Wa Old Moshi hupandia Kiboriloni, na wa Siha hupitia Boma Ng'ombe. Wa Kibosho na Uru hupata magari Moshi mjini.

Miteremko ya mlima imekatwa na mabonde ya mito, na barabara nyingi hupanda kufuata migongo iliyo katikati ya mabonde hayo. Kutoka Machame kwenda Marangu, kwa mfano, kwa kawaida mtu hushuka hadi barabara kuu na kupanda tena upande mwingine. Kwa hiyo familia ambayo baba ni wa Machame na mama ni wa Rombo hutenga siku tofauti kwa kila upande. Mwenye ndugu Pasua au penginepo Moshi mjini huweza kulala huko, kisha akapanda kila upande kwa zamu.

Pombe ya mbege nayo ina kalenda yake. Ndizi huivishwa kwa siku kadhaa, hupikwa kwa muda mrefu na kuachwa zichachuke, ndipo huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Kazi yote huchukua wiki moja hivi, hivyo fedha za ndizi na ulezi hutumwa kabla ya msafiri mwenyewe kuondoka.

Mvua za vuli huweza kuendelea hadi Desemba, na njia za udongo huteleza. Usiku mlimani huwa na baridi kuliko mjini, kwa hiyo sweta na viatu vya matope huhitajika, hasa kwa watoto waliozoea joto la pwani.

Kurudi

Msongamano wa kurudi huanza tarehe 2 Januari, kwa kuwa kazi na masomo hukaribia kuanza. Tiketi ya kurudi hukatwa pamoja na ya kwenda. Vijijini hubaki wazee, pamoja na yule aliyekabidhiwa kuwatunza kikaoni.