Mwezi wa Ramadhani Uandamapo Pwani

Jioni ya tarehe 29 Shaabani, jua likaribiapo kuchwa, watu wa Mombasa na Lamu hutazama upande wa magharibi kuutafuta mwezi mwandamo. Ukionekana, kesho yake watu hufunga. Usipoonekana, Shaabani hutimizwa siku 30, na saumu huanza kesho kutwa. Habari za walioushuhudia hupelekwa kwa Kadhi Mkuu, naye ndiye atangazaye. Hata hivyo wako wanaofuata habari za mwezi ulioonekana Arabuni, na kwa hiyo mara nyingine nyumba mbili zilizo ukuta kwa ukuta huanza kufunga siku mbalimbali. Jambo hilo huzua mabishano marefu barazani, lakini sahani za futari huendelea kupelekwa upande huu na upande huu.

Watu wa bara wasio Waislamu huuliza kwa nini mwezi huu hauna mahali pake katika kalenda. Sababu yake ni nyepesi. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi wa mbinguni, nao una siku 354 au 355, yaani hupungua kama siku 11 kuliko mwaka wa jua. Basi Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka, na huzunguka majira yote kwa muda wa miaka 33 hivi. Ilianza mwezi wa Machi mwaka 1991, ikaanza tena Machi mwaka 2024. Na katika mwaka 2030 itaanza mara mbili, Januari na Desemba. Ikiangukia kaskazi, joto huzidisha kiu. Ikiangukia masika, mkulima wa Kwale hushika jembe akiwa amefunga.

Siku za mwisho za Shaabani huitwa za kuvunja jungu. Jamaa hukusanyika, wakapika vizuri na kula pamoja mchana kwa mara ya mwisho. Kisha desturi za nyumba hugeuka. Watu huamka kama saa kumi za usiku kula daku, wakanuia saumu, na tangu alfajiri hadi magharibi, muda unaopita saa 13, hawali wala hawanywi. Kwa hiyo karani akimwona mwenzake amenyamaza mezani saa nane mchana, asidhani kuwa amekasirika. Huenda ameamka kabla ya jogoo.

Sheria haikumwekea kila mtu mzigo mmoja. Mgonjwa na msafiri wana ruhusa ya kula, wakalipa siku zao baadaye. Mzee asiyeweza kabisa kufunga hulisha maskini, kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku.

Hapa ndipo penye jambo la kufikiriwa. Saumu ni kujizuia, tena kusudi lake moja ni mwenye chakula aonje njaa ya asiyenacho. Lakini nenda soko la Kongowea siku mbili kabla ya mwezi kuandama. Muhogo, viazi vitamu, ndizi mbichi, nazi na tende hugombewa, kwa kuwa kila nyumba hutaka vitu vile vile kwa siku zile zile, na bei hupanda. Jioni sinia hujaa: muhogo wa nazi, mbaazi, tambi, sambusa na kaimati. Mwezi uliowekwa ili watu wapunguze huwa ndio mwezi wa matumizi makubwa, na mtu wa mshahara hujikuta ana deni dukani kabla hajafika kumi la kati.

Mzigo huo humwelemea zaidi mama wa nyumba. Yeye ndiye aamkaye kwanza kutayarisha daku, na ndiye akaaye mbele ya moto tangu alasiri, naye amefunga kama wengine, akikadiria chumvi kwa mazoea. Vyakula vikiwa saba, kazi yake ni mara saba. Baada ya watu kufuturu, wanaume hutoka kwenda kusali tarawehe, naye huachiwa vyombo.

Haifai kusema kwamba futari njema ni kosa. Mtu aliyeshinda na njaa astahili kula vizuri, na watoto huupenda mwezi huu kwa ajili ya kaimati zake. Lakini tende tatu na maji hufungua saumu sawasawa na sinia zima. Yafaa basi mume na mke waketi pamoja kabla mwezi haujaandama, wahesabu fedha zilizopo, wachague vyakula viwili au vitatu vya kila jioni, na mapema watenge zaka ya fitri, ambayo ni pishi moja, yaani vibaba vinne, kwa kila mtu wa nyumba. Sehemu ya kile kilichopunguzwa iende kwa jirani ambaye moshi wa jiko lake hauonekani.

Mkulima wa muhogo na nazi naye ana sehemu yake. Faida ya halali hakuna amkatazaye. Lakini akiuza kwa bei ya kiasi katika siku hizo, amelisha wengi asiowajua, hata kama yeye mwenyewe hafungi.