Kitabu Hakina Miguu

Sogeeni karibu, wanangu. Na wewe unayechezea simu hapo nyuma, iweke kidogo. Leo sina sungura wala fisi. Nina mzee mmoja, rundo la karatasi, na safari iliyochukua miaka 35.

Mnakijua kisiwa cha Ukerewe? Ukiwa Mwanza unapanda meli mpaka Nansio. Ukitokea Bunda unavuka kwa kivuko pale Kisorya. Afrika nzima hakuna kisiwa cha ziwani kinachokizidi kwa ukubwa. Watu wakikitaja husema machungwa, husema dagaa. Mimi nikikitaja nasema vitabu, nao hunitazama kama niliyetoka kilabuni.

Mwaka 1896 alizaliwa mtoto katika ukoo wa watawala wa kisiwa hicho, jina lake Aniceti Kitereza. Wamisionari wakamfundisha kusoma, kisha akapelekwa seminari ya Rubya, upande wa Bukoba. Alikaa huko karibu miaka kumi akijaza kichwa Kilatini, Kijerumani na lugha nyingine ambazo huko kwao hazikumnunulia hata chumvi. Upadre hakuufikia. Alimwoa Anna Katura. Wakajaliwa watoto, na wote wakafa wangali wadogo.

Tulieni kidogo hapo. Zama zile, mwanamume asiye na mtoto alishauriwa na kila mpita njia: oa mwingine, dunia haikungoji. Kitereza alibaki na Anna wake. Aliyokuwa akiyawaza usiku siyajui, ila najua alichokiandika. Mwaka 1945 alikuwa amekamilisha riwaya ndefu kwa Kikerewe, lugha ya nyumbani, na mnadhani ilihusu nini? Mume na mke waliokosa mtoto.

Mume anaitwa Myombekere, mke anaitwa Bugonoka. Ni zamani, Wazungu hawajafika. Wazazi wa mke wanachoka kusikia binti yao akisemwa, wanakuja kumchukua. Myombekere anakwenda ukweni kumwomba. Baba mkwe anakubali, lakini bure haipo: alete kwanza mitungi ya pombe ya ndizi.

Sasa mwandishi mwenye haraka angesema, akapika pombe, akapeleka, akapewa mkewe. Kitereza hana haraka. Anakuvua viatu akuingize shambani. Mliokulia kando ya ziwa mnaijua kazi yenyewe: mikungu inakatwa mbichi, shimo linachimbwa na kupashwa moto, ndizi zinafukiwa humo mpaka ziive, zinamenywa, zinakamuliwa kwa majani hadi juisi ichuruzike, halafu unaongezwa mtama uliokaangwa na kusagwa, na watu wanasubiri. Wapo wasomaji wanaoruka kurasa za namna hiyo. Mimi nadhani wameruka kitabu chenyewe. Mzee aliandika hivyo kwa kuwa aliogopa jambo moja: kwamba wajukuu wa kisiwa kile watafika siku wasijue babu zao waliishi vipi, wala walikuwa wakisema nini wakati wa kazi.

Basi kitabu kipo, karatasi juu ya karatasi. Nani atakichapa?

Hapo ndipo hadithi ilipokwama. Wachapishaji ni watu wa hesabu. Wasomaji wa Kikerewe ni wangapi? Wachache. Padre mmoja kutoka Kanada, Almas Simard, aliyekuwa akimtia moyo mzee tangu mwanzo, alianza kukitafsiri kwa Kifaransa ili kipate mlango Ulaya. Akafa kitabu hakijatoka. Miaka ikapita, nchi ikapata uhuru, karatasi bado zipo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakaja Wamarekani wawili, Gerald na Charlotte Hartwig, kuchunguza historia ya kisiwa. Wakazikuta, wakahangaika nazo. Hatimaye mzee mwenyewe, uzee na maradhi vikimwandama, alikaa chini akakitafsiri kitabu chake kwa Kiswahili, ukurasa mmoja baada ya mwingine.

Dar es Salaam, Tanzania Publishing House ikiongozwa na Walter Bgoya ilikipokea. Kikatoka kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, mwaka 1980. Kilichapwa China, kwa hiyo nakala zilitakiwa kuvuka bahari. Zilipofika, ulikuwa mwaka 1981, na mzee alikwisha kufariki.

Kila nikifika hapa kuna mtoto anayeuliza: kwa nini hakukibeba mwenyewe akakiuza? Mwanangu, kitabu hakina miguu. Kinahitaji mtu wa kukitafsiri, mtu wa kukichapa, mtu wa kukipakia melini. Na hao wote wakishamaliza, bado kuna mtu mmoja amebaki, ambaye hakuna anayemkumbuka: muuza duka.

Nitamrudia huyo. Kwanza mjue kwamba Kitereza hakuwa peke yake. Kisiwa hichohicho, kijiji cha Namagondo, alizaliwa Euphrase Kezilahabi mwaka 1944. Riwaya yake ya Rosa Mistika, ya mwaka 1971, inaanzia hapohapo Namagondo, na iliwahi kupigwa marufuku shuleni. Na aliyekitoa kitabu cha Kitereza kwenye Kikerewe kukiingiza kwenye Kiingereza, mwaka 2002, ni Gabriel Ruhumbika, mtu wa Ukerewe naye, mwandishi wa riwaya naye. Watatu, kisiwa kimoja. Haya, niambieni mmesoma wangapi.

Siwalaumu. Miaka kadhaa iliyopita niliingia duka moja la vitabu katika mji wa kando ya ziwa; jina nalihifadhi. Kulikuwa na kaunta buku, mikebe, rula, vitabu vya kiada mpaka darini. Nikauliza, mna Kezilahabi? Kijana akaniuliza, "Ni wa darasa la ngapi?"

Nilicheka, lakini njiani nikamwelewa. Kitabu cha kiada kinauzwa Januari na fedha inarudi. Riwaya inaweza kukaa mwaka mzima ikila vumbi, na fedha iliyoinunua imekaa nayo. Mwenye duka dogo, kodi ya chumba inamgonga kila mwezi, hawezi kucheza hivyo. Dawa yake ipo, na wafanyabiashara wanaijua: mali kauli. Unapewa nakala tano bila kulipa, ukiuza unalipa na kubakiza chako, zisipouzika unarudisha. Tatizo ni kwamba mchapishaji yuko Dar na duka liko kijijini, na mali kauli inataka watu wanaoaminiana.

Nikampata mama mmoja aliyekuwa akiaminika. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kwenye senta ndogo, kati ya kinyozi na wauza sabuni. Ubao mmoja wa ukutani alikuwa ameuandika kwa chaki: WA KWETU. Vitabu vya ubao ule hakuvipanga kwa kuonyesha mgongo kama magunia ya mkaa. Aliviegemeza, jalada likitazama mlangoni, ili mtu aliyekuja kununua kalamu aonane nalo uso kwa uso. Walikuwemo wa Ukerewe. Alikuwemo pia mwalimu mstaafu wa pale jirani, ambaye methali alizokusanya zilikuwa zimetolewa fotokopi na kubanwa kwa pini. Mteja akinunua kalamu, mama humwuliza, "Huyu wa ng'ambo ya maji umeshamsoma?" Basi. Hana hotuba nyingine.

Kitabu cha Kitereza alikuwa nacho kimoja tu, nakala ya zamani iliyolegea gundi, na hicho hakukiuza. Ukikitaka unakaa kwenye benchi la nje, unasoma, unakirudisha ubaoni.

Siku niliyopita, msichana wa sekondari alikuwa amekaa pale, sare bado mwilini, anasoma kwa sauti. Hatua tatu kutoka kwenye benchi bibi yake alikuwa ametandika turubai, anachambua dagaa. Msichana alikuwa amefika kwenye ile pombe ya ukweni.

"Rudia hapo pa ndizi," bibi akasema bila kuinua kichwa.

Akarudia. Bibi akachambua, akachambua.

"Rudia tena."

Akarudia. Safari hii mikono ya bibi ilisimama juu ya dagaa. Akamtazama mjukuu wake, akakitazama kile kitabu, akauliza:

"Huyu ni mtoto wa nani?"