Mjane Aliyekataa Kutengwa na Wanawe

Mwezi wa Novemba mwaka 2023, mto Tana ulipofurika, nilikuwa Garsen kwa dada yangu. Alikuwa ndani ya eda. Mumewe alimwachia watoto wanne na kiduka cha nafaka chenye madeni mengi kuliko magunia. Wazee wa upande wa marehemu walikuwa wamekwisha kukata shauri: wavulana wawili waende Hola kwa ami yao, msichana apelekwe Malindi, na kitindamimba abaki na mamake. Walikusudia kheri, sikatai. Dada yangu hakujibu neno.

Jirani yake ni mwalimu wa kike, Mkatoliki. Jioni moja alikuja kumjulia hali, na katika mazungumzo akatusimulia habari za mjane mmoja ambaye kanisa lake humwita mtakatifu. Nilidhani nitasikia miujiza. Kumbe ni habari za biashara, meli na karantini, mambo ambayo sisi watu wa pwani hatuyaonei ugeni.

Jina lake Elizabeth Seton. Alizaliwa New York, Marekani, mwaka 1774, binti wa daktari. Mwaka 1794 aliolewa na William Seton, mwana wa mfanyabiashara mkubwa wa ng'ambo. Wakaishi kwa raha. Kisha baba mkwe akafa, meli zikapotea, kampuni ikafilisika, na William akashikwa na kifua kikuu. Mwaka 1803 wakasafiri kwenda Italia kutafuta hewa njema, pamoja na binti yao mkubwa wa miaka minane. Walipofika bandari ya Livorno wakakatazwa kuingia mjini, maana New York kulikuwa na homa ya manjano. Wakafungiwa karantini katika jengo la mawe, lenye baridi na unyevu, kiasi cha mwezi mmoja. Hebu fikiri, msomaji: mgonjwa wa kifua mahali kama pale! Walipotolewa, mume hakumaliza siku kumi. Alifariki Pisa tarehe 27 Desemba. Mkewe alikuwa na miaka 29 na watoto watano.

Wafanyabiashara wa Livorno waliomsitiri, jamaa ya Filicchi, walikuwa Wakatoliki. Yeye alikuwa Mprotestanti. Aliporudi kwao akaingia Ukatoliki mwaka 1805, na wengi katika jamaa zake wakampa kisogo. Akaishi kwa kufundisha. Mwaka 1809, huko Emmitsburg katika jimbo la Maryland, akaanzisha shirika la watawa na shule ya wasichana, maskini wakisoma bure na wenye uwezo wakilipa ada.

Hapa ndipo dada yangu alipoinua kichwa. "Na watoto aliwapeleka wapi?"

Hakuwapeleka popote, akajibu mwalimu. Shirika lilitaka kufuata kanuni za watawa wa Ufaransa, ambazo hazikumpa mtawa nafasi ya kulea wana wa tumbo lake. Bibi Seton akashikilia kwamba haki yake juu ya wanawe isiguswe, hata ikimbidi kuliacha shirika alilolianzisha mwenyewe. Ikawa kanuni ndizo zilizorekebishwa, na mwaka 1812 zikathibitishwa na Askofu Mkuu Carroll. Wavulana walisoma shule ya jirani, wasichana wakakaa naye. Wawili kati yao, Anna Maria na Rebecca, alikuja kuwazika. Yeye alifariki mwaka 1821, umri miaka 46. Mwaka 1975 Papa Paulo wa Sita alimtangaza mtakatifu, wa kwanza kuzaliwa Marekani. Mambo ya utakatifu nawaachia wenyewe; mimi nilivutiwa na ile kanuni.

"Nani aliwalisha?" dada akauliza tena.

"Ada za wale wenye uwezo, na marafiki wa Livorno walimsaidia."

Dada akanyamaza. Usiku ule aliniomba nimletee daftari la duka na kalamu, akakaa na taa mpaka saa sita.

Eda ilipokwisha, wazee waliitisha kikao cha pili. Aliingia na daftari lake mkononi, watoto wote wanne wakimfuata nyuma.