Pumzi Nayo Hubeba Kiuno

Mtu mnene akienda kutibiwa kiuno, mara nyingi hurudi na jibu moja: punguza uzito. Ushauri huo si wa uongo, ila unahitaji miezi, pengine miaka, na kiuno kinauma leo. Aliyeinama kuinua ndoo ya maji akashindwa kunyooka hawezi kungoja kilo ziishe kwanza. Wapo watafiti walioacha kutazama mizani peke yake wakaitazama pumzi, na waliyoyakuta yanastahili kuwafikia wagonjwa.

Kati ya kifua na tumbo kuna msuli mpana uitwao kiwambo. Ukivuta pumzi hushuka, mapafu yakajaa. Hilo tulifundishwa shuleni. Lisilosemwa sana ni kwamba msuli huohuo umejishikiza kwenye pingili za juu za kiuno. Unaposhuka huku misuli ya tumbo na ya sakafu ya nyonga, ile inayozuia mkojo, ikikaza, shinikizo hupanda tumboni na uti wa mgongo hupata egemeo, kama gari linavyobebwa na tairi lenye upepo wa kutosha.

Mwaka 1997, Paul Hodges na wenzake nchini Australia walionyesha jambo hili waziwazi. Waliwaambia watu wainue mkono ghafla, huku mitambo ikinasa umeme wa misuli yao. Kiwambo kilianza kukaza milisekunde 20 hivi kabla ya msuli wa bega lenyewe. Mkono haujaondoka, mgongo umeshaandaliwa! Baadaye Hodges alionyesha pia kwamba mtu anapohema sana, kiwambo hulegea katika kazi hii ya kuegemeza mgongo, kwa kuwa pumzi haiahirishwi.

Sasa mfikirie mwenye uzito mkubwa. Mafuta ya tumboni hukisukuma kiwambo juu, na ya kifuani huzifanya mbavu zitanuke kwa shida. Akipanda ngazi mbili tatu anahema, na msuli unaotakiwa kulinda kiuno unakuwa umeelemewa. Mwaka 2006, utafiti wa wanawake zaidi ya 38,000 wa Australia ulikuta kwamba matatizo ya kupumua na ya kushindwa kuzuia mkojo yanaambatana zaidi na maumivu ya mgongo kuliko unene unavyoambatana nayo. Kuambatana si kusababisha, lakini ni sababu tosha ya kuacha kuulaumu mwili mnene kwa kila kitu.

Je, msuli huu unaweza kuimarishwa? Lotte Janssens na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walijaribu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, watu 28 wenye maumivu ya kiuno walifanya mazoezi kwa wiki 8 wakitumia kifaa kidogo cha mkononi chenye vali inayobana hewa, ili kuvuta pumzi kuwe kazi. Kundi moja lilivuta kwa ukinzani wa asilimia 60 ya uwezo wao wa juu, jingine asilimia 10 tu. Waliovuta kwa nguvu walipata misuli imara zaidi ya pumzi, maumivu yakapungua, na hata waliposimama ubongo wao ulianza kutegemea zaidi taarifa zitokazo mgongoni badala ya vifundo vya miguu. Kundi la pili halikupata mabadiliko hayo.

Watu 28 ni wachache, na ugumu wa kufanya kazi za kila siku haukupungua. Kwa hiyo hii si dawa ya kuacha mengine. Kutembea, kuimarisha misuli na kula kwa kiasi kunabaki palepale.

Usiye na kifaa unaweza kuanza kwa kujijua tu. Lala chali, kunja magoti, weka kiganja juu ya kitovu na kingine kifuani. Vuta pumzi polepole puani. Mkono wa tumboni ukipanda kabla ya ule wa kifuani, kiwambo chako kinafanya kazi yake. Usipopanda, rudia taratibu mpaka upande. Kifaa chenye ukinzani kitumie kwa maelekezo ya mtaalamu wa fiziotherapia, hasa kama una pumu, maradhi ya moyo au uliwahi kupasuka pafu.

Ukifa ganzi sehemu za siri, miguu ikiishiwa nguvu au mkojo ukikutoka bila kujijua pamoja na maumivu ya kiuno, achana na mazoezi na uende hospitali siku hiyohiyo.