Fahamu: Onyo la draiva kwenye kompyuta, lipi la kuzima na lipi la kusikiliza?

Kompyuta nyingi za Lubumbashi huandika kwa Kifaransa. Fungua “Gestionnaire de périphériques” na huenda ukaona pembetatu ndogo ya njano yenye alama ya mshangao kando ya jina la kifaa. Mara nyingi hilo ni onyo la draiva, yaani programu inayounganisha printa, kadi ya sauti au kifaa kingine na mfumo wa kompyuta.

Je, ulizime au ulisikilize?

Bofya jina la kifaa mara mbili, usome namba. Kwenye Windows, namba 28 ina maana draiva haijawekwa. Kama kifaa hukitumii, unaweza kukizima na kuendelea na kazi. Namba 43 husema kifaa kimeripoti hitilafu, kikasimamishwa. Namba 52 isipuuzwe: mfumo umeshindwa kuthibitisha saini ya draiva, na huenda faili imeharibika au imechezewa.

Draiva nyingi hufanya kazi ndani kabisa ya mfumo, ndiyo maana kosa dogo huleta balaa. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho moja bovu la programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike, ambayo hutumia draiva ya aina hiyo, liliangusha kompyuta takriban milioni 8.5 duniani. Safari za ndege zikafutwa, hospitali zikakwama.

Onyo la diski, panapohifadhiwa faili zako, nalo lisizimwe kamwe, hasa Lubumbashi, ambako umeme wa shirika la SNEL hukatika na kurudi ghafla. Nakili kwanza tasnifu yako au hesabu za duka kwenye flashi, kisha mwite fundi.