Kipindi cha Korosho: Mradi wa Sauti kwa Shule za Tandahimba

Kipindi cha sauti cha dakika kumi kuhusu msimu wa korosho ni mradi wa habari ambao wanafunzi wa sekondari wilayani Tandahimba wanaweza kuumudu kwa simu ya mwalimu, kompyuta moja ya shule na programu zisizolipiwa. Kinachowakwamisha wengi ni kalenda. Mikorosho hupuliziwa salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga katikati ya mwaka, inapotoa maua. Korosho huokotwa kuanzia Septemba, na minada hufunguliwa Oktoba. Mitihani ya taifa ya kidato cha pili na cha nne nayo huangukia Novemba, msimu ukiwa umepamba moto. Kwa hiyo kundi linalofaa zaidi ni la kidato cha tatu, na kazi igawanywe: sauti za shambani zichukuliwe Julai na Agosti, za ghala na mnada Oktoba, kisha uhariri ufuate.

Mpango huo huandikwa kwenye lahajedwali, iwe Excel au LibreOffice Calc. Kila mstari ni sauti moja inayotakiwa, na safu zake hutaja mahali, mhojiwa, tarehe, mwanafunzi aliyepewa kazi na hatua iliyofikiwa. Mpangilio wa kipindi hauhitaji kubuniwa, kwa kuwa korosho yenyewe ina njia yake: shambani, kwenye mizani ya chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), ghala kuu, kisha mnada unaosimamiwa na TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza Mtwara msimu wa 2007/2008. Tangu msimu wa 2024/2025 wanunuzi hushindana kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Badiliko hilo lina maana kwa mrekodi: ushindani wa bei umehamia kwenye skrini, na sauti yenye uhai sasa ni ya wakulima mkutanini, bei inaposomwa nao wakaikubali au wakaikataa.

Video huvutia zaidi, lakini hesabu inaikataa. Picha inayorekodiwa kwa megabiti 17 kwa sekunde hula karibu megabaiti 128 kila dakika. Mahojiano ya saa mbili yatajaza zaidi ya gigabaiti 15. Sauti ya WAV ya chaneli moja, kwa ubora wa CD, huchukua megabaiti 5.3 kwa dakika, na saa hizo mbili hutoshea ndani ya megabaiti 640. Kipindi kilichokamilika, kikibanwa kuwa MP3 ya kilobiti 64, hakifiki megabaiti 5.

Wakati wa kurekodi, simu ikae shibiri moja kutoka mdomoni, mtandao ukiwa umezimwa ili mtu asipige katikati ya mahojiano. Upepo wa uwandani huvuma kama kelele ndani ya maikrofoni, na kitambaa chepesi huupunguza. Chumba cha bati chenye kuta tupu hutoa mwangwi ambao hakuna programu inayouondoa vizuri. Chini ya mkorosho ni pazuri zaidi. Mlio wa mashine ya salfa urekodiwe peke yake, kwa dakika moja au mbili, usije ukameza maneno ya mkulima. Faili zikihamishwa kwa WhatsApp zitumwe kama hati, kwani ujumbe wa kawaida wa sauti hubanwa mno.

Wazee wengi watajieleza vizuri zaidi kwa Kimakonde, na waachwe wafanye hivyo. Kimakonde kisikike kwa sekunde chache, kisha kishushwe na tafsiri ya Kiswahili ipande juu yake. Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi husaidia kwa Kiswahili, ingawa huvuruga majina ya vijiji na maneno ya biashara. Kwa Kimakonde, mwanafunzi mwenye masikio na kalamu bado hana mshindani. Maandishi yakipatikana, kipande kinachotakiwa huwekewa alama ya dakika yake, na kukata kwa programu ya uhariri ya Audacity huwa kazi ya mchana mmoja. Msimulizi asome taratibu. Akipewa nusu ya kipindi, maneno 500 au 600 yanamtosha.

Jambo linalotaka uangalifu kuliko yote ni kangomba, yaani ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi, mara nyingi kwa bei ya chini na kabla ya mavuno. Kila kijiji kina hadithi zake. Kipindi kinaweza kueleza kwa nini mkulima mwenye shida ya ada au chakula huuza hivyo, ila kumtaja mnunuzi kwa kusikia tu ni kumpaka mtu matope. Kumbukumbu nazo zipimwe. Anayesimulia Novemba 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulihusisha jeshi, anaweza kuchanganya bei iliyotangazwa na fedha alizopokea, na siku aliyozipokea. Mambo hayo matatu yaulizwe mbalimbali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inafanya ridhaa ya mhojiwa isiwe suala la adabu pekee. Njia nyepesi ni kuirekodi mwanzoni mwa faili lenyewe, na kwa aliye chini ya miaka 18 mzazi au mlezi ahusishwe.

Muziki usipakuliwe ovyo, kwa kuwa nyimbo za bongo fleva zina wenyewe. Ngoma ya sindimba iliyorekodiwa kwa ruhusa ya wachezaji hukipa kipindi sauti ya mahali pake.

Kipindi kilichokamilika huchezwa kwenye kipaza sauti cha shule, hupitishwa kwa Bluetooth na kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi, au hupelekwa redio ya jamii kwenye flashi pamoja na karatasi inayotaja wahojiwa, tarehe na muda wa kipindi. Rekodi ghafi hubaki shuleni katika nakala mbili, kila faili likianza na tarehe na kijiji, ili kidato cha tatu cha mwaka unaofuata kiweze kulinganisha msimu wake na uliopita.